Kabla Hawajakupigia Honi: Ukaguzi wa Gari na Tabia za Kuacha Barabarani

Maswali ya dereva mpya ni yale yale. Mbona wanaokuja mbele wananimulikia wakati sijawasha ful (taa kali za mbali)? Mbona aliye nyuma anapiga honi kila nikishika breki? Kwa nini gari linavuta upande mmoja? Kwa nini indiketa inapepesa mbio? Wengi wanaona huo ni ubabe wa madereva wenzao. Mara nyingi tatizo liko kwenye gari la mwenye kuuliza: taa imeinuka, balbu ya breki iliungua siku nyingi na hakuna aliyeangalia, upepo wa matairi umepungua. Yanayobaki ni ya mikono na miguu yako, nayo yako sehemu ya pili ya mwongozo huu.

Kazi ya sehemu ya kwanza inamalizika asubuhi moja. Mara ya kwanza tenga saa moja na nusu. Ukishazoea, nusu saa inatosha. Huhitaji fundi na hutafungua injini.

Vitu vya kuwa navyo

- Mahali tambarare penye ukuta, na nafasi ya mita 10 hivi kutoka ukutani.
- Geji ya upepo ya kwako. Za kwenye vituo vya mafuta hupigwa chini kutwa nzima, na nyingi husoma uongo.
- Kitambaa cheupe. Rangi ina sababu yake, utaiona kwenye oili.
- Tochi, futi kamba, selotepu ya karatasi, bisibisi ya nyota na glavu.
- Balbu za akiba za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.
- Mita ya umeme, kama unayo.
- Kitabu cha gari chenyewe. Tarakimu nilizoweka hapa ni za kawaida kwa magari madogo. Kitabu kikisema tofauti, fuata kitabu.

Gari liwe limelala usiku kucha. Usilizungushe kwanza "lipate moto": upepo na oili vyote hupimwa kabla ya safari.

Sehemu ya kwanza: gari

1. Matairi. Tunaanza hapa kwa sababu gari lililoinama upande mmoja haliwezi kupimwa taa.

Fungua mlango wa dereva, utafute kibandiko kwenye nguzo ya mlango au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Hapo pameandikwa presha ya matairi ya mbele na ya nyuma, pengine kwa viwango viwili: gari jepesi, na gari lenye abiria wote na mizigo. Magari mengi madogo yako kati ya psi 30 na 35 (psi ni kipimo cha presha). Tarakimu kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho tairi linaweza kuhimili, haikuambii ujaze kiasi gani. Anayejaza kwa tarakimu hiyo anaendesha gari linalorukaruka na kuteleza, halafu analaumu shokapu.

Toa kifuniko cha valvu, bana geji moja kwa moja bila kuiinamisha, soma. Tairi likipata moto barabarani huonyesha psi 4 hivi zaidi, na kosa linalofuatia ni kupunguza upepo huo. Kesho yake likipoa litakuwa chini. Pima na spea. Ikiwa ni ile nyembamba ya muda, nyingi hutaka psi 60 na hazitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Sasa pitisha kiganja juu ya tairi, ukiwa umevaa glavu, maana nyaya zinaweza kuwa zimechomoza. Likilika pembeni zote mbili, limekuwa likikosa upepo. Likilika katikati, limekuwa likizidishiwa. Ukingo mmoja tu ukiisha, gari linahitaji alaimenti (kunyoosha magurudumu). Mabondebonde yanayopishana yanaashiria shokapu zilizochoka au magurudumu yasiyo na balansi (uzito uliosawazishwa). Ndani ya mifereji utaona vituta vidogo vya mpira. Meno yakishuka hadi usawa wa vituta hivyo yamebaki milimita 1.6, nalo tairi halina kazi tena. Kwenye mvua lilishapoteza uwezo wa kusukuma maji kabla ya kufika hapo, kwa hiyo ukiona milimita 3 anza kutafuta jipya.

Angalia pia umri. Kwenye ubavu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huenda herufi hizo ziko upande wa ndani, ingia chini na tochi. Tairi lililopita miaka 10 litoe hata kama meno yake bado marefu, na lenye uvimbe ubavuni litoe leo.

2. Taa za nyuma na indiketa. Huna wa kukusaidia? Rudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta, kanyaga breki, utazame ukutani kupitia vioo. Unatafuta mwanga mwekundu kushoto na kulia, na wa tatu katikati kama gari lako lina taa hiyo. Washa taa ndogo, indiketa kila upande, kisha gia ya nyuma huku mguu ukibaki kwenye breki.

Balbu ya nyuma ya magari mengi ina nyuzi mbili ndani, moja hafifu ya taa ndogo na moja kali ya breki. Inaandikwa P21/5W. Vipini vyake viwili vya pembeni haviko kwenye kimo kimoja, makusudi, ili iingie kwa namna moja tu. Ikigoma, igeuze nusu mzunguko, usiilazimishe. Iliyolazimishwa kinyume huwaka kwa ukali wa breki kila unapowasha taa ndogo, na aliye nyuma yako hawezi kujua umeshika breki saa ngapi. Hapo honi anayopiga ni halali yake.

Soketi ikiwa na kutu ya kijani au nyeupe, ikwangue taratibu kabla ya kuweka balbu mpya. Zima taa kwanza.

3. Kulenga taa za mbele. Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayozalisha uadui mwingi usiku.

a) Geuza gari lielekee ukutani na lisogeze hadi karibu liguse. Bandika selotepu ukutani kwa alama ya msalaba, mkabala na kitovu cha kila taa.

b) Rudi nyuma moja kwa moja, usukani ukiwa umenyooka, hadi umbali wa mita 5 kati ya taa na ukuta. Pima kwa futi kamba, usikisie.

c) Toa mizigo isiyo ya kawaida kwenye buti. Mtu mmoja akae kiti cha dereva. Kama kuna kigurudumu cha kushusha taa kwenye dashibodi, kiweke kwenye 0.

d) Washa dim (taa za chini). Funika taa moja kwa kitambaa kwa dakika moja hivi, usizidishe kwa sababu kioo cha plastiki huungua. Ukutani utaona mstari unaotenganisha mwanga na giza. Sehemu yake ya tambarare iwe sentimita 5 chini ya msalaba. Hiyo ni asilimia 1 ya umbali. Taa nyingi zina kibandiko au chapa inayotaja asilimia yake, kwa mfano 1.0% au 1.2%; kwa 1.2% utashuka sentimita 6.

e) Nyuma ya taa, ndani ya boneti, kuna skrubu mbili za plastiki, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Zungusha ile ya juu na chini robo mzunguko, tazama ukuta, endelea. Skrubu ya pembeni usiiguse ila mwanga umepinda waziwazi.

Mstari huo kwa kawaida hupanda upande mmoja ili kumulika ukingo wa barabara. Unakoendesha kushoto, upande unaopanda uwe wa kushoto. Unakoendesha kulia, uwe wa kulia. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za upande mwingine litamulika machoni mwa wanaokuja hata ukilishusha vipi. Hilo halirekebishwi kwa skrubu, linahitaji taa za upande sahihi.

Na kuhusu balbu za LED za kuchomeka kwenye taa zilizoundwa kwa balbu za halojeni: zinawaka sana, ndiyo, lakini chanzo cha mwanga hakikai pale kioo cha ndani kilipopangiwa, kwa hiyo mwanga unatawanyika. Wewe unaona barabara nyeupe, mwenzako haoni chochote. Balbu nzuri ya aina ileile, kwenye kioo kilichong'arishwa, inatosha. Ukibadilisha H4 au H7 usishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huleta joto la sehemu moja na balbu inakufa mapema.

4. Vioo na waipa. Futa kioo cha mbele upande wa ndani pia. Ule utando unaokusanyika ndani ndio unaofanya taa za mbele zionekane kama nyota usiku. Pitisha kitambaa chenye maji kwenye mpira wa waipa. Kikitoka cheusi rudia hadi kitoke safi. Mpira uliochanika au unaoacha michirizi baada ya kusafishwa ubadilishwe. Unapoinua mkono wa waipa bila mpira, tandika kitambaa juu ya kioo. Ukiponyoka, chuma kinapasua kioo.

5. Ndani ya boneti. Injini iwe imezimwa na imepoa.

Oili: chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Usomaji wa kwanza hauna maana. Alama iwe kati ya chini na juu. Kutoka alama ya chini hadi ya juu kwa kawaida ni kama lita 1, kwa hiyo ongeza robo lita, subiri dakika chache, pima upya. Kujaza kupita alama ya juu ni kosa baya kuliko watu wanavyodhani: oili inapigwa na mitambo inayozunguka, inatoa povu, na povu halilainishi chochote. Sasa tazama kitambaa. Weusi peke yake si ugonjwa, oili hufanya kazi ya kubeba uchafu. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kutisha, ina maana maji yameingia. Usiwashe injini, ita fundi.

Maji ya rejeta: soma chupa ya plastiki, kati ya alama mbili. Tumia kulanti (kimiminika cha kupoza injini) iliyotajwa kitabuni, kwa kawaida nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Maji matupu ya bomba yanaleta kutu na magamba. Mfuniko wa rejeta yenye moto usiufungue kwa hali yoyote. Maji yaliyo ndani yamebanwa kwa presha na yatakurukia usoni.

Mafuta ya breki: haya ndiyo watu huongeza bila kuuliza yamekwenda wapi. Mfumo umefungwa, hayapotei hewani. Yakishuka, ama pedi zimelika, ama kuna mahali panavuja. Kagua pedi kwanza. Zikibaki milimita 3 badilisha. Ukiongeza mafuta pedi zikiwa zimekwisha, siku ya kuweka mpya yatafurika, na mafuta hayo hubabua rangi ya gari. Tumia mafuta ya daraja la DOT (si DOT ile ya tairi) lililoandikwa kwenye kifuniko, yabadilishwe kila baada ya miaka 2 kwa sababu hunyonya unyevu. Usiweke oili ya aina nyingine humo hata tone. Raba zote zinavimba.

6. Betri. Gari likiwa limekaa, mita isome volti 12.6 hivi. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu, na ikifika 12.0 iko karibu kuisha. Washa injini: sasa isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, tatizo ni jenereta au mkanda wake, na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa unaondoka kwa maji ya moto na mswaki mkuukuu. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Kinyume chake, spana ikigusa bodi itatoa cheche kubwa.

7. Jaribio fupi. Mahali pasipo na watu, kilomita 30 kwa saa, shika breki kwa uthabiti. Gari linyooke. Pedali isizame. Sikiliza: mlio mwembamba wa kukwaruza ni pedi zinaomba kubadilishwa, mngurumo wa chuma kwa chuma ni kwamba ulichelewa.

Sehemu ya pili: barabarani

8. Acha nafasi. Chagua nguzo, gari la mbele likiipita, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili". Usifike kwenye nguzo kabla ya kumaliza. Kwenye kilomita 100 kwa saa unakata mita 28 hivi kila sekunde, kwa hiyo sekunde 2 ni mita 56 hivi. Mvua ikinyesha, sekunde 4. Ndiyo, kuna watakaochomekea kwenye nafasi hiyo. Legeza mguu, itengeneze upya. Hujapoteza zaidi ya sekunde chache. Kumganda mtu nyuma hakumfanyi aongeze mwendo, kunamfanya aangalie kioo badala ya barabara.

9. Indiketa kabla ya breki. Kioo, indiketa, breki, ndipo usukani. Indiketa inayowashwa gari likiwa limeshaanza kukunja haimsaidii mtu. Ipe sekunde 3 angalau. Na ukishamaliza kukunja, hakikisha imezima: anayesubiri kutoka njia ya pembeni anaiamini, anaingia mbele yako.

10. Dim mapema. Shusha mara unapoona mwanga wa anayekuja, hata kabla hajatokeza kwenye kona. Shusha pia ukiwa nyuma ya mtu, kwani ful inamfikia kupitia vioo vitatu. Akikusahau, mkumbushe mara moja kwa haraka, kisha tazama ukingo wa barabara upande wako. Kumlipizia kunazalisha madereva wawili vipofu. Taa za ukungu za nyuma ni za pale usipoona mita 100 mbele. Mvua ya kawaida haihitaji. Hazadi (indiketa zote kwa pamoja) nazo ni za gari lililosimama au lililo hatarini: ukitembea nazo kwenye mvua, unapotaka kuhama njia huna tena namna ya kusema.

11. Foleni. Usitanue. Bega la barabara ndiyo njia ya gari la wagonjwa na ya aliyepata pancha. Njia mbili zikiungana kuwa moja, tumieni zote hadi mwisho halafu muingie kwa zamu, huyu mmoja na yule mmoja. Anayeingia kwa zamu pale mwisho hachomekei. Makutano usiyaingie mpaka uone nafasi ya gari lako upande wa pili, hata kama taa ni ya kijani. Gari moja lililokwama katikati linafunga njia nne.

12. Njia ya kupitia ni ya kupitia. Ukishapita, rudi. Kuwa kwenye kikomo cha mwendo hakukupi haki ya kuilinda.

13. Maegesho na watembea kwa miguu. Usiegeshe kuziba geti, kona au kivuko, na "dakika moja tu" haihesabiki. Fungua mlango kwa mkono wa mbali na mlango: dereva anayekaa kulia atumie wa kushoto. Mwili unageuka wenyewe na macho yanaona baiskeli. Kwenye madimbwi punguza mwendo mpaka maji yasiruke.

Ukikwama

Bado wanakumulikia baada ya kulenga taa. Umebeba mzigo nyuma? Pua ya gari imeinuka. Zungusha kigurudumu cha dashibodi hadi 1 au 2. Kama ni wa nyuma wanaomulika, taa ya ukungu imebaki inawaka.

Indiketa inapepesa mbio upande mmoja. Balbu moja ya upande huo imekufa.

Ukiwasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa hafifu. Waya unaorudi kwenye bodi umelegea au umeota kutu ndani ya taa ya nyuma.

Taa zote za breki hazifanyi kazi. Haziungui zote siku moja. Angalia fyuzi, kisha swichi ndogo juu ya pedali. Swichi hiyo hiyo ikiganda, taa hazizimi na asubuhi betri imekufa.

Usukani unatetemeka. Kwenye kilomita 80 hadi 100 bila breki, ni balansi. Ukitetemeka unaposhika breki tu, ni diski.

Gari linavuta upande mmoja. Linganisha upepo kwanza, ndipo ulipie alaimenti. Gurudumu moja likitoa joto na harufu kuliko mengine baada ya safari, breki yake imekwama. Usiliguse.

Moshi. Wa buluu, injini inakula oili. Mweusi, petroli nyingi kuliko hewa. Anza na kichujio cha hewa. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto, maji yanaingia ndani ya injini.

Mshale wa joto unapanda. Zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote, egesha mahali salama, zima injini. Subiri nusu saa angalau kabla ya kugusa chochote.

Betri imekufa na mwenzako ana waya. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, upande wa pili chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa kuwa betri inatoa gesi inayoshika moto. Washa gari lenye betri nzima, subiri dakika 5, jaribu. Ukitoa, anza na ile uliyoweka mwisho.

Pedali ya breki imekuwa laini au inazama polepole. Hakuna dawa ya nyumbani. Gari halisogei, fundi aje, au livutwe.